Wasioandikiwa Dawa

Mimi si mtu wa kujificha nyuma ya unyenyekevu. Nilizaliwa Kaloleni, katika nyumba ya kaunsili, baba akiwa fundi wa reli na mama akiuza mitumba. Karo ya diploma yangu ya famasia niliitoa mgongoni mwangu, kwa kubeba magunia ya viazi sokoni Muthurwa kila likizo. Uingereza nilienda kwa nauli yangu mwenyewe; hakuna mtu wa mtaa huu atakayesimama aseme alinichangia harambee. Na niliporudi sikurudi na masanduku ya nguo na lafudhi ya puani kama wengine ninaowajua. Nilirudi na kompyuta, mashine ya kuchapa vibandiko vya dawa, na mpango kichwani.

Duka langu la dawa liko kwenye barabara inayoteremka kuelekea Mathare. Ukiingia utaona rafu nyeupe, vioo visivyo na alama ya kidole, na kila dawa inayotoka kwangu ina kibandiko cha Kiswahili kinachosema inywewe vipi. Maduka mengine huandika kwa kalamu juu ya bahasha ya kaki, moja kwa tatu, na mgonjwa akasumbuke. Mimi huchapa. Watu huniita daktari, na sijawahi kumsahihisha mtu.

Huko nilikofanya kazi, kila karatasi ya daktari inayofika kwenye duka la dawa huingia kwenye kompyuta. Baada ya muda, kila daktari hupelekewa picha ya uandishi wake mwenyewe: ameandika antibiotiki mara ngapi, wenzake wa eneo lile wameandika mara ngapi, wapi ameandika dawa ghali ilhali kuna ya bei nafuu yenye nguvu ileile. Mimi ndiye niliyekuwa nikizitia picha hizo kwenye bahasha na kuzipeleka. Daktari huifungua akiwa peke yake, huona haya akiwa peke yake, na mara nyingi hubadilika bila kelele. Nilipoyaona hayo nikajiambia, siku moja kitu hiki kitafika Eastlands, mitaa yetu hii, na atakayekileta ni mimi.

Maana huku kwetu antibiotiki huliwa kama njugu. Mafua, antibiotiki. Mgongo, antibiotiki. Mtu amegombana na mkewe, kichwa kinamuuma, antibiotiki. Ni dawa za kuua bakteria, na mafua hayaletwi na bakteria. Ukizitumia ovyo bakteria huzizoea, na siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli utampa dawa na itakuwa kama umempa uji. Hili kila mtu aliyesomea dawa analijua. Mimi niliamua kulifanyia kazi.

Karibu na duka langu kuna zahanati tatu ambazo wagonjwa wake huja kwangu na karatasi zao. Moja ni ya daktari mwenye digrii, ghorofani juu ya duka la mikate. Ya pili ni ya mzee mmoja aliyestaafu serikalini, hufungua akitaka. Ya tatu ni ya kanisa, na daktari wake ni mama wa makamo ambaye kwa cheo ni afisa wa kliniki, mtu wa diploma kama mimi. Nilianza kuziingiza karatasi zao zote kwenye kompyuta, jina la daktari, ugonjwa kama umeandikwa, dawa. Nilifanya hivyo muda mrefu bila kumwambia mtu. Halafu nikaiambia kompyuta ipange.

Jibu lilinishtua, na kwa kweli lilinifurahisha pia, kwa sababu mtu akiwa na mtego hupenda kuona umenasa. Karatasi za daktari wa digrii zilikuwa na antibiotiki kwa kiasi. Za mzee, hivyohivyo. Lakini za mama wa kanisani! Karibu kila karatasi iliyotoka kwake ilikuwa na antibiotiki. Ungeweza kufumba macho, ukachomoa moja, ukaikuta. Mstari wake kwenye picha ulipanda ukawapita wenzake, mwekundu, hadi ukingoni mwa ukurasa.

Nilitayarisha bahasha tatu. Hapo ndipo mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya kanisa alipokuja kununua dawa yake ya presha. Ni mzee aliyefanya kazi reli pamoja na baba yangu, na mpaka leo huniita kijana.

"Kijana, unafanya nini na hiyo mashine siku nzima? Unacheza karata?"

Nikamwonyesha. Aliinama kwenye kioo cha kompyuta, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Huyu mwekundu ni nani?"

"Hilo ni siri, mzee. Huwa tunamwambia mwenyewe tu."

"Siri gani? Mimi ndiye ninayesaini mshahara wake," akasema, maana alikuwa amekwisha kulisoma jina kwenye kioo. Kisha akaninyooshea fimbo. "Kitu kama hiki hakifai kufungiwa kwenye bahasha. Lete kanisani Jumapili baada ya ibada. Watu waone kwamba mtoto wa Kaloleni alienda majuu akarudi na maarifa."

Ningeweza kukataa. Nilijua kabisa kwa nini kule zilikuwa bahasha. Lakini alisema watu waone, na mimi nilitaka watu waone. Bahasha nikaziacha kwenye droo.

Jumapili hiyo ukumbi wa kanisa ulijaa, maana baada ya hotuba yangu kulikuwa na chai na mandazi. Wale madaktari watatu walikuwa wamealikwa, ila yule mzee mstaafu hakuja. Nilivaa suti yangu ya Uingereza. Projekta ilimulika kwenye ukuta, nikaonyesha mistari mitatu, nikiwaita daktari A, daktari B na daktari C ili kuficha majina. Niliamini hilo linatosha.

"Buda, huyo C ni nani?" kijana mmoja akauliza kwa sauti kutoka nyuma.

"Hatutaji majina," nikasema.

"Si ni yule mathe wa hapa! Hao wengine wawili ni wanaume, na C umemwita mama, yeye ndiye."

Nilikuwa nimesema "mama huyu" bila kujua. Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye alikuwa ameketi safu ya pili, mkoba mapajani.

Mama mmoja anayeuza mboga kwenye kona ya zahanati akasimama bila kuruhusiwa. "Na mimi niseme! Nilienda kwake na homa, mwili mzima unauma. Aliniandikia nini? Hakuna! Akaniambia nikunywe maji na nilale. Maji! Hiyo maji iko wapi, mfereji umekauka wiki mzima! Nilale, na sukuma itajiuza?"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikainua mkono kama mwalimu. "Asante, mama. Lakini hayo ni ya mtu mmoja. Hapa tunaangalia takwimu."

Niliyasema hayo. Mwanamke alisimama mbele yangu akasema hakuandikiwa kitu, ukutani kwangu kukiwa na picha inayosema daktari yuleyule anaandika kupita kiasi, na mimi nikamwambia aketi.

Ndipo mama wa kanisani akainuka. Hakupandisha sauti. "Daktari, hizo karatasi ulizonazo ni za wale ambao—"

"Maswali baadaye, daktari, tafadhali. Nimalize kwanza."

Akaketi. Baadaye hakuuliza. Wakati wa chai daktari wa digrii alikuja akanipa mkono mbele ya watu. "Kazi safi sana, daktari," akasema. Miaka yote niliyofanya kazi chini ya watu wa digrii, huku na kule, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita hivyo. Niliukumbuka mkono huo hadi nikalala.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alipita dukani kuniambia kamati itakutana Jumamosi. Walikuwa wanafikiria kutoufanya upya mkataba wa mama yule.

"Watu wanalalamika hatoi dawa, wewe umeonyesha anatoa mno," akasema. "Kwa vyovyote hafai."

Nami hata hapo sikushtuka. Nilichohisi ni huruma, ile huruma ya mtu aliye juu. Nikajiambia nitaenda nimfundishe. Nitamwonyesha lini aandike antibiotiki na lini asiandike, atabadilika, kisha Jumamosi niiambie kamati kwamba mwanafunzi wangu ameelewa, impe muda. Nilichapa hata mwongozo mfupi, nikautia kwenye plastiki usilowe.

Nilienda asubuhi ya siku ya kazi, nikamwacha mke wangu kwenye kaunta. Foleni ilikuwa ndefu, nikaketi kwenye benchi kama watu wengine, mwongozo mkononi. Ilikuwa majira yale ya baridi ambapo mtaa mzima hukohoa. Mlango wa chumba cha daktari hauzibi vizuri, kwa hiyo ukiwa kwenye benchi unasikia nusu ya kila kitu.

Wa kwanza kutoka alikuwa mwanamume mwenye mafua. Mikono mitupu. Akafuata msichana wa shule, mikono mitupu. Mama mmoja alitoka na mtoto mgongoni, mtoto ana makamasi lakini anacheka, na yule mama akawa anaisema kwa wote waliokaa: "Maneno tu! Asali na ndimu, asali na ndimu. Kama ningetaka asali ningeenda kwa mfuga nyuki!"

Benchi likacheka. Kisha akaniona.

"Ai, daktari! Wewe pia umeshikwa na kikohozi? Na mimi ndio nilikuwa nakuja kwako!"

"Kwangu?"

"Ee, unipee zile za mtoto za juzi, za kuchanganya na maji. Huyu haandiki kitu. Kwako hakuna maneno mengi, mtu anasema tu anachotaka anapewa."

"Ukweli," akasema mzee aliyekuwa kando yangu, akijipangusa pua. "Hata mimi nikitoka hapa ni huko. Ile kapsuli nyekundu na nyeusi. Huyu mama ni wa kutuambia tu kama tutakufa. Tukiambiwa hatufi, tunaenda kwa daktari kununua."

Kila mtu kwenye benchi alicheka kwa upendo kabisa. Walikuwa wananisifu. Yule mama akanipungia mkono, akatoka kuelekea dukani kwangu, nami nikabaki nimeketi na mwongozo wangu wa plastiki.

Nitaeleza nilichokielewa pale, kwa sababu naona watu wengi wenye kompyuta bado hawajakielewa. Duka la dawa humwona mgonjwa aliyeandikiwa dawa. Yule aliyepimwa, akatulizwa, akaambiwa aende nyumbani bila kitu, duka halimwoni kamwe, hana karatasi. Daktari wa digrii alimwandikia kila mtu, paracetamol, vitamini, dawa ya kikohozi ya rangi nzuri, na katikati ya karatasi hizo nyingi antibiotiki zake zilionekana chache. Mama wa kanisani aliwarudisha wengi nyumbani, akawaandikia tu waliougua kweli, na waliougua kweli walihitaji antibiotiki. Kwa hiyo kila karatasi yake ilikuwa nayo. Alikuwa ndiye daktari bora kuliko wote watatu, na mimi nilimpaka rangi nyekundu kanisani.

Na hao aliowarudisha hawakwenda nyumbani. Walikuja kwangu. Sisi tuliwauzia ile antibiotiki aliyowanyima, bila karatasi, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi haikuingia kwenye picha yangu. Kwenye kompyuta ilihesabiwa kama mauzo ya kaunta, pamoja na sabuni na pamba.

Kule ugenini kitu hicho hakiwezekani; ukijaribu unafukuzwa kazi. Huku nilirudi nikakuta kila duka linafanya, nikafanya. Sikuwahi hata kuliita jambo. Lilikuwa biashara.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nataka kuondoka, lakini alikuwa amekwisha kuniona mlangoni.

"Karibu, daktari. Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi umekuja kunifunza." Alikuwa anaitazama ile karatasi ya plastiki.

Nikaificha nyuma yangu, mtu mzima mwenye mvi, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Nikamwambia nilichokisikia kwenye benchi na nilichokielewa. Alisikiliza huku anasafisha kipima mapigo kwa pamba.

"Nilitaka kukuambia siku ile," akasema.

"Nilikukatiza."

"Ulinikatiza."

"Na kuhusu dukani... Hao wanaotoka hapa bila kitu..."

"Najua wanaenda wapi. Wengine hurudi hapa mtoto amezidiwa, wananionyesha pakiti. Zina vibandiko vizuri sana. Kiswahili safi." Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa afadhali angesema kwa kejeli. "Huwa nataka kuja kukuambia, halafu najiuliza, huyu mtu atanisikia? Ametoka majuu."

Nje mtoto alianza kulia, na benchi likaanza kumwimbia.

"Jumamosi wanakaa kujadili kazi yangu," akasema. "Nina binti kidato cha tatu na sina mtu mwingine. Sitaki uniombee msamaha. Nataka uende uwaambie."

"Nitawaambia nini?"

"Yote mawili, daktari. Ukisema moja bila lingine hawataelewa."

Nikasema nitayasema. Nilimpa mkono. Nilipofika dukani mke wangu alikuwa amefurahi, siku ilikuwa nzuri. Nilimuuliza kama amemuuzia mama mwenye mtoto mgongoni dawa ya kuchanganya na maji. Akasema ndiyo, kwani imeisha?

Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameshika kitambaa cha vioo.

"Na Jumamosi utasema kwamba sisi tunauza?" akauliza.

"Nimeahidi."

"Mbele ya kamati yote? Mzee wa kanisa mmoja ni mkaguzi wa leseni huko kaunti, unajua hilo? Halafu hao watu waliokupigia makofi, Jumapili watakuangaliaje?" Alirudi kupangusa kioo ambacho tayari kilikuwa safi. "Sema ukweli, baba. Lakini usiwe wa kwanza mtaani kuusema wote."

Kamati ilikutana katika chumba cha nyuma cha kanisa, watu sita na chupa ya chai. Mama wa kanisani aliketi kwenye kiti cha kando, kama mshtakiwa. Nilisimama bila projekta. Nami nilizungumza vizuri, sitadanganya, naweza kuzungumza. Nilieleza jinsi duka lisivyomwona asiyeandikiwa kitu. Niliweka vikombe vya chai mezani, hivi ni wagonjwa wote, hivi ni walioandikiwa, hivi ni wenye antibiotiki, nikavisogeza. Nikasema kosa lilikuwa langu, si lake. Nikasema ni daktari mwema kuliko wote ninaowajua mtaani. Wakaguna kwa kuridhika. Mwenyekiti akanitazama kwa fahari, akasema kukubali kosa ni uungwana, na kwamba hata hilo nimelitoa majuu.

Kisha yule mzee wa kaunti, mtu mkimya, akauliza: "Sasa hawa aliowarudisha bila kitu. Wanaenda nyumbani wanapona?"

"Wengi wangepona."

"Wangepona. Lakini wanafanya nini?"

Nikamwangalia mama. Aliniangalia pia, ametulia kabisa, anangoja. Nilikuwa na sentensi hiyo mdomoni. Niliisikia hata ladha yake. Ilikuwa na maneno machache: wanakuja kwangu, nawauzia.

"Wanaenda kujinunulia," nikasema.

"Wapi?"

"Kwa maduka. Maduka ya dawa ni mengi, mzee. Mtaani huku kila mtu anauza."

Ni kweli kila mtu anauza. Hakuna neno la uongo katika jibu hilo, na sijawahi kutoa jibu baya zaidi ya hilo maishani mwangu. Mama wa kanisani aliyashusha macho yake akayaweka kwenye mkoba wake, na hakuniangalia tena siku hiyo.

Kamati ikaanza kujadili, na nikaona jibu langu likikua mbele yangu. Kama watu wakinyimwa dawa hapa wanaenda kujinunulia vitu vya hatari huko nje, mwenyekiti akasema, basi dawa ya hilo ni wasinyimwe hapa. Mama mmoja wa kamati akaongeza kwamba hata Bwana Yesu hakumrudisha mgonjwa mikono mitupu. Wakakubaliana. Mkataba wake utafanywa upya, ndiyo, wamwombe radhi, ndiyo. Lakini kuanzia sasa kila mgonjwa atakayepimwa aondoke na karatasi yenye angalau kitu kimoja. Hata kama ni vitamini. Mtu ametembea kutoka Mathare, ana haki ya kupewa kitu.

"Daktari, unaonaje?" mwenyekiti akamuuliza mama.

Aliufunga mkoba wake. "Nitaandika," akasema.

Nilimfuata hadi langoni. Nikaanza kusema kwamba nilitaka, kwamba mzee yule, kwamba leseni. Akaniinulia mkono vilevile nilivyomwinulia yule mama wa mboga kanisani.

"Nimepata kazi yangu," akasema. "Asante kwa hilo. Nimwahi binti."

Tangu Jumatatu iliyofuata, hatuuzi antibiotiki bila karatasi. Nimebandika tangazo mlangoni, limechapwa vizuri. Mke wangu alinuna mwezi mzima. Wateja hulisoma, hunicheka, huvuka barabara hadi kwa yule mwingine anayeandika kwa kalamu juu ya bahasha ya kaki, na huko hupata wanachotaka. Mzee mmoja aliniambia, "Ulipokuwa mshamba ulikuwa bora, daktari." Sisemi haya ili nisifiwe. Nayasema kwa sababu hata sasa sijayasema mahali nilipotakiwa kuyasema, na kila siku inayopita inazidi kuwa vigumu kurudi katika kile chumba cha nyuma kuketi mbele ya chupa ile ya chai.

Karatasi za kanisani sasa huja nyingi kuliko za daktari wa digrii. Mwandiko wa mama yule ni uleule, umesimama wima, hauna haraka. Vitamini. Paracetamol. Vitamini. Dawa ya kikohozi ya rangi nyekundu, ambayo mimi na yeye tunajua haifanyi kitu. Juzi mwenyekiti alikuja akaniomba nimwonyeshe tena ile picha kwenye kompyuta. Mstari wake umeshuka. Antibiotiki zake ni zilezile chache kama zamani, ila sasa zimezama katikati ya rundo la karatasi za vitamini, na kwenye picha yeye ndiye mfupi kuliko wote. Mwenyekiti alifurahi sana akataka nimchapie nakala aibandike zahanati. Nikamwambia picha hiyo haina maana yoyote. Akacheka, akanipiga begani kwa upole: "Kijana, unajidharau siku hizi."

Asubuhi ya leo ameingia mama kijana, mtoto amefungwa leso mgongoni, anapumua vizuri, pua tu inachuruzika. Akanipa karatasi kwa mikono miwili. Sharubati ya vitamini, kijiko kimoja. Nimemwambia kwamba anaweza kuiacha, kwamba mtoto ni mzima, kwamba pesa hizo anunue mayai. Akanitazama kama mtu anayejaribiwa.

"Ai, hapana. Daktari ameandika."

Nikachapa kibandiko, nikakibandika kwenye chupa, nikampa.

"Zamani alikuwa anatuambia maneno tu," akasema, akiitia chupa kwenye mfuko. "Siku hizi anatujali. Wanasema ni wewe ulimfunza. Mungu akubariki, daktari."

Akasimama pale kidogo, akitabasamu, akingoja niseme amina.